Mkasi wa Matisse na Rafia ya Kasai: Karatasi Inapogeuka Kioo, Nguo na Karo



Onyesha mtu yeyote picha ya karatasi za Henri Matisse, yale majani yaliyokatwa kwa mkasi na wale wanawake wa buluu wasio na uso, na jibu lake la kwanza utalijua mbele hajafungua kinywa: "Hii njo kazi ya mutu mukubwa? Hata mutoto wangu wa matereneli anaweza kukata hivi!" Tusimcheke. Swali lake ni zuri na lina jibu. Tena huko Le Cateau-Cambrésis, mji wa kaskazini ya Ufaransa ambamo Matisse alizaliwa, kuna shule ya matereneli yenye kioo cha rangi kilichofuata karatasi zake. Kinaitwa Les Abeilles, maana yake nyuki, na kimekaa pale tangu 1955. Mutoto wa matereneli na Matisse wamekwisha kukutana zamani.

Lakini hapa nataka tuangalie kitu kingine: kinachotokea wakati karatasi ile inahama. Inahama na kuwa kioo, kitambaa, karo, kasula ya padri, kurasa za kitabu. Je, ingali kazi ile ile? Imepanda, ao imeshuka? Kwetu neno "dekorasyo" liko karibu na tusi. Mtu akisema tablo yako ni ya dekorasyo, ujue hajakusifu. Mimi msimamo wangu nauweka mezani tangu sasa: karatasi za Matisse hazishuki zikigeuka kioo ao nguo, kwa sababu nyingi kati yake zilikatwa kusudi zigeuke. Ila kuhama kunafaulu tu pale ambapo kitu kipya kimepewa ruhusa ya kusema neno lake. Pale ambapo kimelazimishwa kunakili, karatasi inakufa mara ya pili.

Jambo hili si la wazee wa makumbusho tu. Matisse alikufa Nice tarehe 3 Novemba 1954. Mu Ufaransa sheria inalinda kazi ya msanii miaka 70 baada ya kifo chake, basi tangu tarehe 1 Januari 2025 kazi zake ziko wazi kule. Mwenye mashine ya kupiga picha juu ya kitambaa anaweza kuchukua jani lake na kulibandika juu ya rido, kikombe, mto wa kiti, kifuniko cha telefone. Na wanafanya, usiku na mchana. Kwa hiyo lazima tujue kupima: hii inafaa, hii ni bule.

Tuanze na patro

Kila fundi wa kushona mu Lubumbashi anajua kitu ambacho wataalamu wengi wanasahau. Mbele ya kugusa kikwembe chako cha bei, anakata patro ya karatasi. Anaiweka juu ya kitambaa, anaigeuza, anaangalia maua ya kikwembe yanaelekea wapi, halafu njo anakata. Patro haikuwa nguo, lakini bila patro nzuri hakuna nguo. Na fundi mjinga ni yule anayefuata patro bila kuangalia kitambaa: ndege wa kikwembe wanakuja kulala kichwa chini juu ya mgongo wako, na siku ya ndoa kila mtu anaona.

Matisse alizaliwa mwaka 1869 na kukulia Bohain, mji wa wafumaji. Vitambaa alivijua kwanza, rangi ya mafuta ilikuja nyuma. Miaka ya 1930, alipokuwa akitengeneza tablo kubwa ya wachezaji kwa nyumba ya sanaa ya Barnes huko Marekani, alitumia karatasi zilizokatwa ili asipake na kufuta kila siku: alihamisha tu kipande, akakibandika pengine. Karatasi ilikuwa patro. Mwezi wa Januari 1941 alipasuliwa tumbo mu Lyon, akaponea chupuchupu, na toka hapo kusimama mbele ya tablo kukawa mzigo. Mkasi ukachukua nafasi ya burashi.

Namna ya kazi ilikuwa hivi. Wasaidizi wake walipaka karatasi nyeupe rangi ya guashi, kila moja rangi yake. Yeye, mara nyingi akiwa mu kiti ao kitandani, alikata moja kwa moja bila kuchora kwanza. Kisha wasaidizi walipanda ngazi na kutundika vipande ukutani kwa pini, juu kidogo, chini kidogo, mpaka aseme basi. Lydia Delectorskaya, mwanamke Mrusi aliyefanya kazi naye miaka mingi, alikuwa mkono wake wa kuume mu shughuli hiyo yote.

Shika neno pini, maana lina kazi. Kipande cha karatasi kilichoshikwa na pini kinatetemeka upepo ukipita. Kina kivuli chembamba chini yake. Ukikaribia unaona njia ya burashi mu guashi, unaona pale mkasi ulipositasita. Uhai wa karatasi hizi uko mu vitu vidogo vile. Sasa swali la kuhama linakuwa swali la kweli: ukitoa pini, kivuli na njia ya burashi, unaweka nini mahali pake?

Kitabu ambacho Matisse mwenyewe hakukipenda

Tuanze na kuhama kulikoshindwa, na si mimi wa kwanza kusema. Mwaka 1947 mchapishaji Tériade alitoa kitabu Jazz, chenye picha 20 zilizotokana na karatasi hizi. Walitumia vibati vilivyokatwa tundu, rangi ikapitishwa juu ya kila tundu kwa mkono, guashi zile zile za Matisse. Kazi safi, ya mafundi wenye subira. Leo Jazz ni kati ya vitabu vya sanaa vinavyotafutwa sana duniani.

Lakini Matisse alipokiona hakufurahi. Alimwandikia rafiki yake André Rouveyre kwamba kuhamishwa kule kumeondolea vipande hisia yake. Watu wengi wanaona alikuwa mkali bure. Mimi naona alikuwa na haki. Angalia vizuri: rangi ni zile, umbo ni lile, hata ukubwa umekaribia. Kilichokosekana ni kwamba kila kitu kimelala mu ukurasa mmoja, ukingo wote umekuwa sawa, hakuna kipande kilicho juu ya kingine. Kibati kilitii patro mia kwa mia, na kwa sababu kilitii, hakikuleta kitu chake. Kinachookoa Jazz ni maandishi ya mkono ya Matisse, meusi na makubwa, yanayokaa kati ya picha. Hayo yalizaliwa kwa ajili ya ukurasa, njo maana yanapumua.

Kitambaa kilichokubali kuwa ukuta

Sasa linganisha na Océanie. Mwaka 1946 Matisse alikuwa Paris, mu nyumba yake ya Boulevard du Montparnasse. Inasimuliwa kwamba alikata mbayuwayu mu karatasi nyeupe ya kuandikia, na msaidizi akambandika ukutani kufunika doa. Doa likafunikwa, lakini mbayuwayu akaita wenzake. Wakafuata samaki, majani ya bahari, ndege wengine, yote kumbukumbu ya safari yake ya Tahiti ya mwaka 1930. Kuta mbili zikajaa.

Zika Ascher, mtengeneza vitambaa wa London mwenye asili ya Czech, akakubali kuzigeuza kuta hizo kuwa nguo za kutundika. Hakuchagua kitambaa cheupe cha kawaida. Alitafuta kitani, akakitia rangi ya ukuta ule wa Paris uliochakaa, rangi ya mchanga. Kisha vipande vyeupe vikapigwa kwa serigrafi, njia ile ile tunayoijua kwa tishati za kampeni. Zilitoka nakala 30 za Océanie, le ciel na 30 za Océanie, la mer.

Kwa nini naiweka juu ya Jazz, wakati hapa pia rangi imepigwa bapa? Kwa sababu kitani kimeleta kitu. Nyuzi zake zinaonekana, kinaning'inia, kinakunjika kidogo, mwanga unapita juu yake kama juu ya maji ya chini. Ascher hakunakili karatasi tu, alinakili ukuta uliokuwa nyuma ya karatasi, na ukuta njo ulikuwa nusu ya kazi. Huyo ni fundi aliyeangalia kitambaa mbele ya kukata. Patro dada yake, Polynésie, ilipelekwa kwa wafumaji wa Beauvais ikawa zulia za kutundika ukutani. Ni nzuri, nzito, za heshima. Lakini heshima yenyewe inazibana: samaki wa Océanie wanaogelea, wale wa Polynésie wamekaa mu mstari kama wanafunzi siku ya bendera.

Vence, pale patro ilipotii

Kazi kubwa kuliko zote ni shapeli ya Rozari ya masista Wadominiko mu Vence, aliyoishughulikia toka 1948 mpaka ilipobarikiwa tarehe 25 Juni 1951. Vioo vyote vilianza kama karatasi. Karatasi ya Les Abeilles, ile ambayo baadaye ilikwenda kwa watoto wa matereneli, ilikuwa mpango wa shapeli hii, akauacha. Mpango mwingine wa buluu ukafuata, nao akauacha, na sababu yake ni somo zima: hakuwa amehesabu vipande vya risasi vinavyoshika kioo. Mu karatasi jani linaweza kuelea peke yake. Mu kioo lazima lishikwe na kitu. Mzee wa miaka karibu 80, mgonjwa, angeweza kumwambia fundi: "Tafuta namna." Yeye alirudi mezani akakata upya.

Mpango wa mwisho, Mti wa Uzima, unatumia rangi tatu tu: manjano, kijani na buluu. Paul Bony, fundi wa kioo, aliutengeneza. Na hapa kioo kinasema neno lake: buluu na kijani vinaangaza hata unaona nje, lakini manjano imefanywa yenye ukungu, inakubali mwanga na kuzuia jicho. Karatasi haiwezi kufanya hivyo kamwe. Kisha jua linavuka kioo na kumwaga rangi chini, juu ya kuta za karo nyeupe zilizochorwa mistari myeusi. Saa nne asubuhi na saa tisa mchana si shapeli moja. Kivuli kidogo cha pini, kile tulichokililia mu Jazz, kimerudi hapa kikiwa kikubwa kama nyumba.

Hata kasula za mapadri alizikata kwanza mu karatasi, zikashonwa kwa hariri. Hizo zina jambo ambalo hakuna ukuta unao: zinatembea. Padri akinyoosha mikono, umbo lote linafunguka.

Kazi zilizofuata nazipitia haraka. La Gerbe ya mwaka 1953, majani yanayolipuka kama mwenge, ilitengenezwa mu karo kwa nyumba ya familia Brody huko Los Angeles. Ina nguvu, lakini mistari ya karo inakata majani mahali ambapo mkasi haukukata, na jicho langu linakwama. Kioo cha duara cha kanisa la Pocantico Hills, Marekani, kilikuwa mpango wake wa mwisho kabisa. Yeye hakukiona kikiwa kioo, kilitengenezwa baada ya kifo chake. Ni kizuri na kina adabu, kama barua iliyosainiwa na mwingine.

Na ile rafia ukutani?

Sasa turudi nyumbani, na njia iko wazi, kwa sababu inapita ndani ya chumba chake. Angalia picha zilizopigwa mu nyumba ya Matisse ya Vence miaka ya 1940. Nyuma ya kiti na meza, ukuta umefunikwa na vitambaa vya rafia vya Wakuba, toka kwetu Kasai. Alikuwa navyo vingi, akaviita velure zake. Mu barua moja aliandika kwamba anavitazama mara kwa mara bila kuchoka, akingoja kitu kitoke mu mafumbo ya jometri yake.

Kitu gani kilitoka? Hapa kuna njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni ile ya vitabu vingi vya zamani: rafia ilikuwa pambo la chumba tu. Ya pili ni ile ya mitandao yetu: "Matisse aliiba kwa Wakuba, basi." Zote mbili zinatunyima kazi ya kuangalia.

Tuangalie basi. Kwa Wakuba wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, wanawake wanakipamba. Kuna velure, ambamo uzi unapitishwa na kukatwa kwa kisu kidogo mpaka unasimama kama manyoya. Na kuna sketi ndefu za kuchezea, za metre nyingi, ambazo vipande vya rafia vimekatwa na kushonwa juu yake. Wengi wanaeleza kwamba vilianza kama viraka: kitambaa kikipondwa ili kilainike kinatoboka, tundu linafunikwa kwa kipande, na kwa kuwa kipande kimoja peke yake ni aibu, wanaongeza kingine na kingine mpaka kiraka kinageuka urembo. Sketi hizo zinavaliwa kwa sherehe na kwa matanga, na marehemu anazikwa nazo.

Doa la ukuta wa Paris na tundu la rafia ya Kasai! Kitu kimefunikwa, kifuniko kikaita wenzake, uwanja ukajaa. Sisemi mbayuwayu alizaliwa na kiraka. Matisse alikuwa na vitambaa vya Moroko na vya Polinesia pia, na utoto wake wa Bohain. Ninachosema ni kwamba wanawake wa Kasai walikwisha kupata, mbele yake na bila yeye, jibu la swali lile lile: kipande kilichokatwa kinaishi namna gani juu ya uwanja mtupu? Jibu lao: usikirudie sawasawa. Mstari unaanza, unachoka, unageuka; mraba wa tano unakataa kufanana na wa nne. Tazama tena Océanie, hakuna samaki wawili walio mapacha.

Lakini kuna kitu kinauma, na lazima kisemwe. Sisi wote tunajua jina la Lydia aliyetundika karatasi, la Ascher aliyepiga kitani, la Bony aliyekata kioo. Mama aliyeshona rafia iliyokuwa ukutani, hakuna. Anaitwa "Kuba", jina la kabila zima kwa mkono wa mtu mmoja. Ulaya ilipohamisha karatasi kwenda kioo, iliandika jina la mhamishaji. Rafia ilipohamishwa kwenda Ulaya, majina yalibaki njiani.

Na sisi wa Lubumbashi?

Mji wetu una hadithi yake. Mwaka 1946, mwaka ule ule wa Océanie, Pierre Romain-Desfossés alifungua Élisabethville karakana iliyoitwa Hangar. Pale walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Bela alipaka kwa vidole. Mwenze alijaza uwanja kwa mistari midogo midogo. Pilipili aliweka ndege, samaki na nyoka juu ya uwanja uliojaa alama ndogo, hata hewa inatetemeka. Toka hapo mtindo wa Hangar umenakiliwa mu mji huu mpaka tumechoka kuhesabu.

Tujaribu kanuni yetu. Chukua ndege wa Pilipili, umpige juu ya bamba la mukuba kama yale yanayouzwa kwa wageni. Ukifuata tu mstari wa nje wa ndege, umefanya Jazz bila hata rangi zake: zile alama ndogo zilizomfanya aruke zimebaki juu ya karatasi. Lakini mukuba una vitu ambavyo rangi haina. Unapanda na kushuka chini ya nyundo, unashika mwanga, unageuka mweusi na kijani kwa miaka. Fundi anayefikiri angeuliza: alama za Pilipili zinakuwa nini mu lugha ya nyundo? Hapo njo kazi inaanza. Na mbele ya yote, Pilipili alikufa mwaka 2007; kwa sheria yetu ya 1986, inayolinda kazi miaka 50 baada ya kifo, ndege wake wana wenyewe. Matisse kuwa wazi huko Ufaransa hakumfungui Pilipili.

Tena angalia mitaa yetu ya Annexe, kule nyumba zinaota kila kiangazi. Angalia maportai. Msudere anachora ua juu ya tole kwa chaki, analikata, analichomea kwenye geti. Kipande kilichobaki, kile chenye tundu la ua, mwenye akili hakitupi. Anakiweka juu ya dirisha. Matisse pia alifanya hivyo: alichokikata na kilichobaki, vyote viwili viliweza kupanda ukutani. Jioni jua la Annexe linapita mu tole ile na kuweka ua chini, juu ya vumbi jekundu. Kwangu hiyo iko karibu na Vence kuliko kikombe chochote chenye jani la Matisse, kwa sababu chuma kimeachiwa kufanya kazi ya chuma.

Basi kwa ninyi mnaotoka Beaux-Arts, na kwa ninyi wengine mtakaopewa siku moja kamati ya ujenzi wa kanisa, shule ao ofisi: mkitaka ukuta wenye urembo, msimpelekee fundi picha mliyoitoa mu telefone na kumwambia "fanya kama hii". Mpelekeeni patro, mkae naye, mmuulize karo yake inaogopa nini, kioo chake kinapenda mwanga wa saa gani. Mkubali kukata upya, kama yule mzee alivyokubali kwa ajili ya risasi. Na kazi ikiisha, mahali fulani chini, pembeni, aandike jina lake.